Kabla hujaacha ugali kwa sababu ya kitambi, pita mashineni uone pumba zinakokwenda

Mzee wa Kinu (mtoa mada)

Wakuu salaam.

Nina mashine ya kukoboa na kusaga nafaka huku pembezoni mwa Dar. Sina cheti cha lishe, ila nafaka naishika kila siku, na huwa nasoma kwa sababu wateja hawaishi maswali. Siku hizi wapo wa aina mbili. Wa kwanza anataka sembe nyeupe pee, akiona doa la manjano ananuna. Wa pili katoka hospitali, kaambiwa apunguze uzito, naye alichoondoka nacho ni kwamba ugali marufuku. Huyu wa pili ndiye aliyenifanya nifungue uzi, maana ukimuuliza asubuhi kala nini, anakujibu chai na chapati mbili.

Nianze na punje ya mahindi. Ganda la nje ndilo lenye nyuzinyuzi. Kiini, kile kisehemu laini upande ulioshika gunzi, kina mafuta, vitamini E na sehemu kubwa ya madini. Kinachobaki katikati ni wanga, pamoja na protini kiasi. Mashine ya kukoboa kazi yake ni kuondoa hivyo viwili vya kwanza. Ukitaka sembe nyeupe kweli kweli, robo ya mzigo wako hivi inaishia kwenye pumba, na pumba hazikai hapa kwangu hata siku mbili. Wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa wanazigombania. Yaani wewe unabeba wanga nyumbani, nguruwe wa jirani anabeba vitamini.

Sasa hapa naomba tusidanganyane, kwa sababu mitandaoni dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, inauzwa kama dawa. Gramu 100 za unga wa dona zina kalori 360 hivi. Sembe ni hizo hizo, zikizidi zinazidi kidogo sana. Tofauti iko kwenye nyuzinyuzi: dona ina gramu 7 hivi, sembe karibu nusu ya hapo au pungufu. Kwa hiyo ukila tonge zile zile za dona kama ulivyokuwa unakula za sembe, mizani haitakutambua. Dona inasaidia kwa sababu inashibisha mapema na njaa inachelewa kurudi, hivyo mkono unaacha sahani wenyewe. Usipouruhusu uache, umebadilisha rangi ya ugali tu.

Na nyingine: dona iliyosagwa laini bado ni unga. Inapandisha sukari ya damu, ila inachelewa kidogo kuliko sembe. Nafaka ikiwa nzima, kama kwenye makande ya mahindi yasiyokobolewa, tumbo linafanya kazi kubwa zaidi kuivunja, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Kwangu mimi mpangilio ni huu: makande na jamii ya maharage, kunde, choroko na mbaazi juu kabisa. Chini yake ndizi, viazi vitamu, magimbi na mihogo ya kuchemsha, na ugali wa dona, mtama, uwele au ulezi. Halafu sembe na wali mweupe. Chini kabisa mkate mweupe, maandazi, chapati, biskuti. Soda na juisi za pakiti siziweki popote, hizo ni sukari ya kunywa.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa mwongozo wake kuhusu wanga. Halikusema watu waache. Lilisema wanga utoke hasa kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hebu piga hesabu ya sahani ya wali mweupe: gramu 100 za wali uliopikwa hazina hata gramu moja ya nyuzinyuzi. Maharage yaliyopikwa, gramu hizo hizo, yana gramu 6 hivi. Wali maharage wenye maharage ya kueleweka ni chakula kizuri. Tatizo la wengi wetu ni wali mlima na maharage ya kuhesabu.

Karibuni tujadili. Wauza dawa za kukata kitambi pitieni mbali.

Kiepe Mzito

Mkuu umeupiga mwingi, ila dona imenishinda. Inakwaruza koo. Na nikiiona nakumbuka shule ya bweni, ugali una wadudu na maharage yana wenzao. Wife akisikia dona anauliza kama mshahara umekata.

Mzee wa Kinu

Hahaha, shule za bweni zimeharibia dona jina kuliko kitu kingine chochote. Ile mliyokula haikuwa na shida kwa sababu ni dona. Mahindi yalikuwa ya zamani, yamebunguliwa, na unga umekaa stoo miezi. Kile kiini nilichosema kina mafuta, na mafuta yakishasagwa yanachacha. Dona ya siku nyingi inakuwa chungu na inanuka. Sembe inakaa muda mrefu kwa sababu kinachoharibika kimeshatolewa, na ndiyo maana viwanda vinaipenda.

Fanya hivi: saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili tatu basi. Mwambie mwenye mashine aweke chekeche laini. Ukishindwa kabisa, anza nusu dona nusu sembe. Na uji wa kusongea uuache uchemke vizuri kabla hujaongeza unga. Dona inataka maji mengi na moto wa muda mrefu kidogo kuliko sembe, ukiiharakisha ndiyo inakwaruza.

Binti wa Kondoa

Naomba niingilie, maana hapa watu watakimbilia dona bila kuambiwa upande wa pili. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na Manyara watu waliugua ini kwa sumukuvu. Wagonjwa 68, waliokufa 20. Mahindi yalikuwa ya nyumbani, yale tunayoita salama kwa sababu tumelima wenyewe. Sumu ya ukungu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani hapo hapo mnapotuambia tusipatoe. Ukikoboa unaipunguza. Ukila dona ya mahindi mabovu unaila yote. Na haifi kwa kupika.

Sipingi dona, mimi mwenyewe naila. Lakini mtu wa mjini ananunua unga kwenye mfuko, hajui mahindi yalikaushwa juu ya nini.

Mutua wa Machakos

Dada amesema ukweli. Sisi Ukambani tulipitia hayo 2004, wagonjwa 317, na 125 wakafariki. Tangu hapo mama yangu hapiki mahindi bila kuyachagua punje kwa punje. Nyumbani tuna muthokoi, mahindi yaliyotolewa ganda, na tuna githeri yenye mahindi mazima. Msimu mahindi yakinyeshewa tunapika muthokoi. Yakikauka vizuri, githeri. Mtu wa Nairobi hana nafasi ya kuchagua hivyo, anabeba tu pakiti ya unga ulioandikwa daraja la kwanza, au anaenda posho mill na kununua asichokijua.

Mzee wa Kinu

Binti wa Kondoa, asante sana, hili nilipaswa kuliweka juu kabisa na naliongeza sasa. Mimi mashineni nakataa kusaga dona ya mahindi yenye ukungu, na nimegombana na watu. Kwa anayenunua: nunua mahindi mwenyewe, hata debe moja. Shika kiganjani, yamwage juu ya kitu kigumu. Yaliyokauka yanalia, mabichi yanadunda kimyakimya. Toa yaliyooza, yaliyovunjika, yenye rangi ya kijani au nyeusi. Yakaushwe juu ya turubai, siyo udongoni. Halafu jueni kwamba kuchagua kunapunguza tu, kwa sababu sumu yenyewe haionekani wala hainuki. Kama mahindi huyaamini, kula sembe na uongeze nyuzinyuzi kwa maharage na mboga za majani, au hamia kwenye mtama, uwele na ulezi, ambazo kwa kawaida hazisumbuliwi sana na sumu hiyo kama mahindi na karanga.

Mtu wa Mafuta

Mnazunguka sana. Wanga wote ni sukari. Acheni wanga, kuleni nyama, mayai na parachichi. Mimi wiki ya kwanza tu nilipungua kilo nne bila mazoezi. Hizo hadithi za dona ni za watu wasiotaka kuachana na ugali.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, hongera kwa kupungua, ila ngoja nikueleze zile kilo za wiki ya kwanza. Mwili unatunza wanga kidogo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba inaisha na maji yanatoka nayo. Umekojoa sehemu kubwa ya hizo kilo. Mafuta yanaanza kupungua baadaye, polepole, kwa yeyote anayekula pungufu ya anachotumia.

Hili limeshapimwa. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walitoa majibu ya utafiti wa watu 609. Kundi moja lilikula mafuta kidogo, la pili wanga kidogo, mwaka mzima. La kwanza lilipungua wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Lakini angalieni jambo ambalo wengi hawalisemi: makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa, na kula mboga kwa wingi. Kwa hiyo walichofanana ndicho hicho anachokisema mtoa mada.

Halafu, tafadhali sana. Kama humu kuna mwenye kisukari anayechoma insulini au anayekunywa vidonge vya kushusha sukari, asikate wanga ghafla kwa kusoma uzi. Dawa ilipimwa kwa chakula ulichokuwa unakula. Ukikata chakula na dawa ikabaki ile ile, sukari inaporomoka, na nimepokea watu wa hivyo wamebebwa mgongoni. Ongea na daktari wako kwanza, apunguze dozi.

Mtu wa Mafuta

Shikamoo mama. Sawa kuhusu maji, lakini mimi njaa sina kabisa tangu niache. Hilo utafiti unasemaje?

Nesi Mstaafu

Marahaba. Nakuamini. Protini inashibisha, na umeacha vitafunwa vyote kwa mkupuo mmoja. Kama unaweza kuishi hivyo miaka kumi, endelea, ila pima lehemu (kolesteroli) yako na usiache mboga. Wengi hawawezi. Harusi ya kwanza tu wanarudi kwenye pilau, tena kwa hasira.

Jirani wa Eyasi

Niko upande wa Karatu. Wanaosema wanga wote ni sumu nawaalika huku waone Wahadzabe. Wanakula asali, tena nyingi ikiwa msimu wake, wanakula ubuyu, matunda ya porini, mizizi ya kuchimba, na nyama wakibahatika. Asali ni sukari. Mizizi na ubuyu ni wanga wenye nyuzinyuzi nyingi ajabu, ile mizizi unaitafuna na kutema makapi. Kitambi huko hukioni.

Mtasema ni kwa sababu wanatembea sana. Kuna mtafiti Mmarekani, Herman Pontzer, alipima nguvu wanayotumia Wahadzabe kwa siku, matokeo yakatoka 2012. Wanatembea kuliko sisi wote, lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya kalori wanazochoma kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mimi nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mazoezi ni mazuri kwa moyo na mambo mengine mengi, ila anayekimbia asubuhi ili apate ruhusa ya kula zege (chipsi mayai) usiku ajue anapambana na hesabu.

Kiepe Mzito

Zege limeingiaje tena jamani 😂 Nasikia viazi vina wanga mzuri.

Mzee wa Kinu

Viazi vya kuchemsha ndugu yangu, siyo vya kukaanga. Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1995 walichukua vyakula 38, wakawapa watu kila kimoja kwa kiasi cha kalori zinazolingana, halafu wakawauliza kila baada ya muda mfupi wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ndio waliopimia, wakaupa 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikaongoza vyote. Watu wanaviogopa viazi bure.

Sasa chukua kiazi hicho, kikate, kitumbukize kwenye mafuta. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120 hivi. Ongeza mayai mawili yaliyokaangwa kwenye mafuta yale yale, na soda ya mililita 350 yenye gramu 35 hadi 40 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku ukitaka faida zaidi. Hapo kiazi chenyewe hakina kesi ya kujibu.

Chapati ni hivyo hivyo. Hata ya unga wa atta, ukiikunja na mafuta mara tatu ni chapati tu.

Mama Ntilie Msomi

Mmeongea wote mliokaa mezani, sasa asikilizwe anayepakua. Nauza chakula cha mchana. Mteja anaangalia ukubwa wa ugali kabla hajaangalia kitu kingine. Nikimpunguzia ugali nikamwongezea mchicha ananiambia nimemwibia, na kesho yuko kwa mwenzangu. Unga ni rahisi, ndiyo maana sahani inajazwa unga. Mchicha una kuchambua, kuosha, kupika, na ukibaki jioni ni hasara. Msitulaumu sisi peke yetu.

Ila nimegundua kitu. Dona nikiisonga vizuri na kuiweka pamoja na mlenda au matembele ya nazi kidogo, wateja wenye umri wanaiomba wenyewe, na wanabakiza. Vijana hawataki. Na maharage nikiyafanya mazito, siyo supu, mtu anakula wali mdogo bila kulalamika. Dagaa nao wanasaidia, protini ya bei ya chini. Chakula cha kupunguza uzito kikishaanza kutaja samaki wa kuchoma na parachichi kila siku, mteja wangu hayumo.

Mzee wa Kinu

Mama umenifunga mdomo. Hii ndiyo sehemu ngumu na sina jibu la kitaalamu, ila nakubali kabisa: kinachojaza sahani ni kile cha bei nafuu, na sembe imeshinda hapo. Mimi nikiwa mteja wako naomba maharage mazito yawe sera.

Mama Junior

Naomba kuuliza. Nakunywa uji wa lishe asubuhi na usiku badala ya chakula ili nipungue. Una mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na ngano. Mbona naongezeka?

Nesi Mstaafu

Kwa sababu unga huo ulitengenezwa kumnenepesha mtoto aliyekonda. Karanga na soya zina mafuta, uji hautafunwi, unashuka haraka, na wengi wanatia sukari vijiko vitatu na blubendi juu. Ukitaka uji, pika wa ulezi mtupu, mzito, kikombe kimoja, bila sukari au kwa ndizi mbivu iliyopondwa. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele kwa mbali. Na kula kitu cha kutafuna, mwanangu. Karanga zilizokaa zikasagwa pia zinaweza kuwa na ile sumu aliyoisema Binti wa Kondoa, zichague.

Mpangaji wa Sinza

Mimi natumia mkate wa brauni kila asubuhi. Niko salama?

Mzee wa Kinu

Soma karatasi ya nje. Kilichoandikwa cha kwanza ndicho kingi. Kama ni "unga wa ngano" peke yake, halafu mbele unakuta rangi na sukari, umenunua mkate mweupe uliopakwa rangi. Unatakiwa uone ngano nzima imetajwa mwanzoni, na ukiukata uone makapi. Mkate wa kweli wa ngano nzima ni mzito mkononi.

Mutua wa Machakos

Na kiporo? Nimesikia wali uliolala unakuwa na wanga tofauti.

Nesi Mstaafu

Ni kweli, kwa kiasi. Wali, ugali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga inajipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, inafanya kazi karibu na ya nyuzinyuzi. Hata ukipasha moto, kiasi fulani kinabaki. Lakini ni sehemu ndogo, usile kiporo cha sahani mbili ukidhani kimepungua kalori. Na wali usiuache mezani usiku kucha. Kuna bakteria wanaostahimili kupikwa, wakikaa kwenye joto la Dar wanatoa sumu inayotapisha, na kupasha hakuiondoi. Ukipoa weka kwenye friji. Huna friji, pika wa kutosha siku hiyo.

Mtu wa Mafuta

Mimi bado sijashawishika, ila makande nitajaribu.

Binti wa Kondoa

Mzee wa Kinu, uwele na ulezi unasaga? Mashine nyingi za Dar wanakataa, au wanakuchanganyia na mabaki ya mahindi ya mtu.

Mzee wa Kinu

Nasaga. Uje asubuhi mapema kabla sijaanza mahindi, mashine iko safi. Ulezi uuoshe na kuuanika kwanza, mchanga uishe, kwa sababu ulezi wa sokoni una mchanga mwingi na ukisagwa nao hautoki tena. Uwele nausaga na ganda lake, usiniambie nikoboe. Na kama ni chini ya kilo tano, utanisamehe, bei ni ya kilo tano.